Hesabu za Mlezi

Faili lilikuwa limefungwa kwa kamba ya katani,
panya walianza kulila upande wa mashahidi.
Korti ya Saza, Bugabula. Mwaka arobaini.
Mirathi ya marehemu Ezekyeri Mutyaba.
Yatima wawili: Balyejusa, miaka tisa,
na Naigaga, mitano.
Huyo wa pili ni mama yangu.

Mlezi ni Tibenkana, mdogo wa marehemu,
aliyeapa, mkono juu ya Biblia,
kwamba mali ya watoto haitapita kooni mwake.
Karani akakiandika kiapo kwa wino wa buluu,
herufi zimelala upande mmoja
kama mtama uliopigwa na mvua.

Nami nilikuja na kisu rohoni.
Tangu utoto wetu mama alikuwa akisema,
"Baba mdogo alinila."
Hunyamaza, akapepeta mchele kidogo,
kisha: "Lakini alinibeba."
Hatukumwuliza kipi kilitangulia.

Basi nikasoma.
Pamba ya msimu, magunia saba, shilingi sitini na tatu.
Chumvi, senti kumi. Mafuta ya taa.
Ada ya Balyejusa, muhula wa kwanza,
muhula wa pili, muhula wa tatu,
kalamu ya Balyejusa, kaptura ya Balyejusa.
Jembe la Naigaga, moja, dogo.

Desemba: mbuzi jike, mwekundu, amekufa kwa maradhi.
Machi: mbuzi jike, mwekundu, amekufa kwa maradhi.
Nikarudi kwenye orodha ya kwanza, nikahesabu kwa kidole.
Mbuzi wekundu: mmoja.
Pembeni, kwa penseli, karani ametia
msalaba mdogo kwa kila kifo.
Alijua.
Akapiga mhuri hivyo hivyo.

Nilitaka kufunga hapo, nilichokitafuta nimekipata.
Lakini upepo wa dirishani ukafunua ukurasa:
Julai. Mtoto wa kike, homa, usiku.
Kwa masista, Kamuli, maili kumi na moja.
Nauli: hakuna.
Mtu aliyeua mbuzi mmoja mara mbili
alishindwa nini kuandika
shilingi mbili za baiskeli?

Karatasi ya mwisho ni ya mwaka hamsini na tatu.
*Tumepokea vyote, hatuna dai.*
Mjomba amesaini kwa mikia mirefu
ya mtu aliyesomeshwa.
Mama ameweka gumba,
limeteleza kidogo, kama alivutwa mkono
au alikuwa na haraka ya kwenda.

Jioni nikampigia simu. Nikamsomea habari za mbuzi,
Desemba, kisha Machi,
kwa sauti ya hakimu.
Akacheka hata akakohoa.
"Hicho kifo cha kwanza kilikuwa Krismasi," akasema,
"tulimla sote, mimi nilipewa figo.
Hicho cha pili, mwanangu,
nilisikia harufu tu."