Chupa ya Rangi ya Chungwa

Maji hufika Pipeline Jumanne, saa kumi alfajiri,
nasi wa ghorofa ya sita huyapata ya mwisho,
membamba kama uzi.
Ndiyo siku yangu ya usafi. Kwamboka yuko zamu,
anashona mifuko ya suruali za watu wa ng'ambo.
Mimi na Kerubo, miaka miwili, meno kumi na manne,
tunabaki na ndoo, tambara, na chumba kimoja.

Jiki tulikuwa tukinunua kwa Mbithi,
mwenye jerikeni la buluu na faneli iliyoungua ukingoni.
Njoo na chupa yako, ndiyo kauli yake,
nasi tulimpelekea za soda,
maana mtaa huu nyumba ipi haina chupa ya soda?
Shilingi ishirini, anajaza mpaka shingoni.

Mtoto wa akina Makokha, mlango wa nne, ndiye aliyetufunza.
Sitalisimulia lote.
Nakumbuka jirani ameshika chumvi na maji, apate kumtapisha,
na sauti ya muuguzi simuni ikikata kama wembe:
"Msimtapishe! Kilichochoma kikishuka
kitachoma tena kikipanda.
Mleteni. Na chupa mje nayo."
Alipona. Anakula, anakimbia ngazini.
Ila akicheka, kuna mchanga kooni mwake.

Jioni ile nilimwaga jiki yetu yote chooni.
Nilijiona shujaa.
Kisha, kwa pupa ya mwongofu mpya,
nikaimiminia siki juu yake, choo king'ae.
Kitu kisichoonekana kikanikaba koo.
Nilitoka nikipapasa ukuta, machozi kidevuni,
Kerubo kwapani kama mkate,
madirisha yote wazi, na mlango, na wa jirani pia.
Siki ni mwungwana, nilijifunza,
lakini kuna watu asiokaa nao chumba kimoja.

Basi tukaanza upya, polepole.
Sabuni ya kipande, nimeikwaruza kwa kisu, maji moto.
Siki kidogo kwenye maji, ya vioo.
Magadi ya kuokea keki, ya sufuria lililoungua maharagwe.
Kerubo alipenda siku siki ilipokutana na magadi sinkini,
povu likapanda likivuma,
akapiga makofi: "Inacheka!"
Akalamba ganda la limau nililosugulia bomba,
uso ukamkunjika kama leso,
akaomba tena.
Nikamwambia kila mtu ngazini:
kwangu hamna sumu.

Kwamboka akarudi, nyuzi nywelini,
akatazama rafu, usawa wa kidevu cha mtoto.
Hakusema. Aliishusha chupa ya siki,
akaisimamisha katikati ya sakafu, akakaa kando.
Kerubo akaja mbio, mikono mbele.
"Soda!"
Chupa ilikuwa ile ile, ya rangi ya chungwa,
na karatasi yake ile ile, na tunda lake linalotabasamu.

Mama yake akaishika kwanza.
"Sumu umeitoa," akaniambia, "mtego umeuacha.
Hajui kusoma, baba Kerubo. Anasoma rangi."
Siki si jiki, nilitaka kujitetea.
Lakini siki machoni, siki tumboni tupu,
na kesho, kwa jirani, chupa kama hii ina nini?
Nikanyamaza. Chai ikapoa.

Sasa siki inakaa ndani ya chupa yake ya dukani,
kwa jina lake, kifuniko kimekazwa,
juu ya kabati ninakofika kwa stuli.
Magadi yako huko huko, hata magadi.
Ile ya chungwa niliikata nikapanda dhania;
imeota vibaya, imeelemea upande wa jua.

Mbithi bado anapita. Nikimpa chupa tupu ya soda
ananyoosha mkono bila kufikiri,
nami naivunja shingo mbele yake. Ananiita mwendawazimu.

Na Jumapili, tukinunua soda ya kweli,
naifungua mwenyewe, namimina kikombeni,
nanusa, naonja, nangoja kidogo,
ndipo nampa.
Kerubo ananitazama,
kikombe kimeshikwa kwa mikono miwili,
kama mtu anayeshangaa baba ana kiu kiasi gani.