Ya Ishirini

Ninazo kumi na tisa, nimezisugua kwa majivu na ndimu:
baragumu za Keya, korongo mwenye taji,
moja haina pini, ya muuza vyuma chakavu wa Jinja.

Ya ishirini iko Bombo.
Bi Zamzamu Farajala hubania nayo kanga
akisuka kawa.
Nne ya Kirumi imelika,
baragumu limebaki nundu.

Nikamtajia bei. Nikamtajia na Burma,
batalioni, mwaka, kamanda.
Akanisikiliza mpaka mwisho, ukindu mdomoni.

"Kofia zote unazijua," akasema.
"Haya, niambie:
baba yangu aliiinamisha upande gani?"

Nimerudi na kumi na tisa zangu.
Zinang'aa.
Hazina kichwa hata kimoja.