Marudio

Julai, Isyesye. Baridi imekaa mlangoni kama mdai,
na Tusekile ananiambia nivue viatu.
Chumba chake ndicho alichokuwa akifugia vifaranga;
bado kuna harufu ya pumba chini ya ubani,
na ukutani kalenda ya chama cha wakulima wa viazi
imegoma kwenye mwezi uliokwisha pita.

"Reiki," anasema. Neno lenyewe kapewa
na mwalimu wa hesabu, Mjapani mpole
aliyefundisha miaka miwili pale sekondari
akaondoka akimwachia sufuria ya wali na mikono hii.
Haigusi. Inakaa juu yangu, shibiri moja,
kama ya mtu anayeota jiko
akichelea kuliamsha.

Mimi nimelala chali, nahesabu mabati.
Sikuja kwa imani. Nimekuja kwa sababu mke wangu kachoka
kuamshwa na mtu anayevuta kamba usingizini.

Miaka tisa nilikuwa Chunya.
Nimeshusha watu duarani, nimepandisha viroba,
nimesimama kwenye karasha mpaka meno
yakawa yanasaga yenyewe hata Jumapili.
Nimeshika zebaki kwa viganja vitupu,
ikinichezea kama jicho lisilo na kope.
Na siku ile ya Machi, mvua imelainisha udongo,
kamba ilinipita mikononi.
Sitasema zaidi. Jina lake Anyosisye.

Tusekile haulizi. Anafungua kitambaa,
anatoa fuwele zake moja moja, kama mayai:
moja kifuani, moja kwenye paji la uso,
ya tatu ananipa kiganjani. "Hii hutuliza moyo.
Nimeinunua Mwanjelwa, elfu kumi na tano."

Nikafumbua jicho. Nikaigeuza.
Nikacheka mpaka ile ya kifuani ikadondoka.

Dada yangu, hili ni jiwe jeupe!
Hili tumelipiga nyundo, tumelitukana,
tumelisaga unga tukitafuta kilichojificha ndani,
likabaki marudio, vilima vya marudio nyuma ya kambi,
mbuzi wakipanda, watoto wakiteleza.
Elfu kumi na tano! Kumbe utulivu nimeukanyaga
miaka tisa, kwa ndala.

Nilidhani atakasirika. Akavuta kigoda.
"Basi nisomee," akasema. "Mimi nalijua kwa bei tu."

Nikalinyanyua kwenye mwanga wa dirisha.
Nikamwonyesha mstari wa kutu: hapa maji yalipita
kabla mtu yeyote hajayaita maji.
Nikamwonyesha wingu la ndani, na ufa
mwembamba kuliko unywele; ukiligonga hapa
linafunguka lenyewe, halina ubishi.
Nikamwambia namna Anyosisye alivyokuwa akililamba,
kulilamba kabisa, kwa ulimi, aone rangi yake likilowa,
kisha anatema vumbi, anasema, "Tamu!"
hata lisipokuwa na kitu.

Ndipo nilipolisikia jina lake mdomoni mwangu
likipita bila kukwaruza.

Mikono ya Tusekile ilikuwa imerudi juu yangu,
sijui tangu saa ngapi. Joto lilikuwepo, nakiri.
Huenda ni la mikono. Huenda ni la mkaa.
Loleza ilikuwa imevua ukungu mpaka kiunoni,
na nje mtu alikuwa akipakia viazi,
akihesabu magunia kwa Kisafwa, akikosea, akianza upya.

Alikataa fedha yangu. Alitaka niende naye Chunya siku moja
nikamwonyeshe vile vilima. Sikumjibu.
Nikavaa viatu.

Sijapona. Mkono wa kushoto bado unatetemeka nikimimina chai,
na mke wangu husogeza kikombe chini ya birika
kana kwamba ndivyo chai humiminwa.
Jana usiku kamba ilikuja tena.
Safari hii niliishika, nikakaa nayo tu,
sikuivuta,
na upande wa pili, chini kabisa,
mtu alikuwa anatema vumbi, anasema, Tamu.