Ndoo ya Bluu

Jumatano, saa kumi jioni, na Dundee imeshaingia giza.
Chuoni, ghorofa ya tatu, Mwalimu Petrie anaita majina.
Langu analikata: Mwa. Na. Kha. Misi.
kama pakiti zinavyokatwa ili zipite kwenye waya,
nami upande wa pili naliunganisha, naitika.
Hakuna kipande kilichopotea. Bado.

Wiki hii tunachora hospitali.
Si kuta zake, mishipa yake:
ruta ikae wapi, swichi zikae wapi, seva za wagonjwa,
printa ya wodi ya wazazi, mashine ya eksirei,
kamera ya maegesho ambayo nywila yake
haijabadilishwa tangu itoke kwenye boksi.
Struan, kijana wa meza yangu, amechora ukuta-moto mmoja, mnene,
na ndani yake kila kitu kinaongea na kila kitu.
"Akishaingia ameingia," asema Petrie.
"Aliyeiba printa atalala na seva."
Anafuta kwa kiganja.

Mimi nachora nyumba ya shangazi yangu, Pangani.
Sikumwambia mtu.
Barazani, wauza mihogo, wenye kudai, wenye habari za msiba:
waliketi, wakanywa kahawa, wakaondoka
wasijue mkeka wa ndani una rangi gani.
Sebuleni, ndugu na wenye jambo.
Ukumbini, wanawake na watoto.
Na ndani ya ndani, chumba chenye kasha,
ambako hata mumewe alipiga hodi.

"Umejifunza wapi kugawa kanda hivi?"
Nyumbani, nikasema.
Akadhani ninayo kompyuta nzuri.

Kisha akafundisha kutoamini:
kila ombi liulizwe, hata litokalo ndani,
hata lililoulizwa dakika tano zilizopita.
Darasa likaguna. Agnieszka akasema hayo ni maisha ya kuchosha.
Mimi sikuguna.
Hodi.
Nani?
Mimi.
Mimi nani?
Kwa shangazi "mimi" halikuwa jina. Hata mwizi ni mimi.

Karibu na mapumziko akatoa kisa.
Hospitali fulani, hakuitaja,
walinunua ukuta-moto kwa bei ya nyumba,
wakaficha seva nyuma ya mlango wa chuma, mlango wa kadi.
Mkaguzi akaja usiku. Akaukuta wazi,
umezuiwa kwa ndoo ya kudekia.
Struan alicheka mpaka akapiga meza.

Nami nikacheka, sekunde moja nyuma yao.
Petrie hakusema rangi ya ndoo.
Miaka tisa nilideki korido kama ile.
Mlango ulijifunga wenyewe, kadi yangu ilisomwa ikitaka,
na mgongo una hesabu yake ya kuinama.
Ndani palikuwa na joto kuliko kwangu.
Taa ndogo za kijani zilipepesa, zikapepesa,
kama watu wanaokuteta mbele ya uso wako,
na katika miaka tisa hakuna aliyeniambia
zinalinda nini, zinamlinda nani.
Nilipangusa vumbi. Nilijua nywila ya daktari wa zamu:
ilikuwa chini ya kibodi, nikaipangusa nayo.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndivyo tulivyolelewa.
Wao wameanza na ukuta.
Ufa wakauajiri kwa saa,
wakaupa sare, wakausahau jina.

Nimerudi kwenye mchoro wangu.
Baraza, sebule, ukumbi, ndani, mishale yote mahali pake.
Pembeni mwa chumba cha kasha
nimechora mtu mdogo sana, na ndoo,
na chini yake, kwenye orodha ya mahitaji ya usalama,
kabla ya bei za vifaa:
huyu aambiwe. Kadi yake isome mara moja.

Petrie ameinama juu ya karatasi, miwani mkononi.
"Huyu ni nani?"

Nikafungua mdomo niseme: mimi.
Nikakumbuka.