Dole la Zambarau

Kabla ya vitabu palikuwa na kahawa:
ghala la ushirika, mlango wa bati,
na harufu iliyogoma kuhama
hata Mwalimu Anyisile alipoteremsha
makasha matatu ya chai,
ndani yake vitabu mia na vinne,
kimoja hakina jalada,
viwili ni kile kile.

Mvua ya Tukuyu haijui kusoma
ila karatasi inaipenda.
Ilipenya paani, ikalamba kurasa,
ukungu ukaota juu ya hesabu za darasa la tano.
Anyisile akawasha jiko,
akavianika kambani kama nepi,
akageuza, akapuliza, akageuza.

Mstari wa kwanza wa daftari:
Subilaga Mwakitalu, mkulima.
Kitabu cha nyuki. Siku kumi na nne.
Sahihi: dole gumba, wino wa zambarau.

Ikapita miaka tisa.
Ghala likatobolewa madirisha,
likapata taa, likapata mimi,
karani mpya mwenye ukali wa bure.

Akaingia siku ya gulio, kitabu kinanuka moshi,
kichwani mkungu wa ndizi.
“Faini hii,” akasema. “Sikuchelewa kukirudisha.
Nilichelewa kukimaliza.
Nilianza na picha.”

Akaomba daftari la zamani.
Akalitafuta dole lake, akalipata,
na pembeni, kama apitaye kwenye utelezi,
akaandika jina.

Herufi ya mwisho ilitoka nje ya mstari.
Ndizi tulizila palepale, mlangoni,
mvua ikitusubiri.