Guni

Keti, Mwanakombo, juu ya kasha la spika.
Si hilo. Hilo lina waya wazi, litakupiga shoti.
Usiicheke redio yangu: mlango wake uling'oka,
nikaufunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli,
na bado inaimba kuliko hizo simu zenu.

Kanda hii nilipewa na baharia wa meli ya simiti,
Kilindini, kwa chupa mbili za achari ya ndimu.
Jina la bendi lilifutika mfukoni mwake kwa jasho,
hata yeye hakulijua. Alisema tu, "Chukua."

"Roki?" umeuliza, ukakunja pua
kama aliyetiliwa chumvi kwenye kahawa.
Wadhani ni yale makelele ya matangazo ya bia.
La. Hawa hawakuwa na kampuni wala bosi.
Walijirekodi chumbani, jirani akigonga ukuta,
wakakunja majalada kwa mikono, wakalamba stempu,
wakaituma kanda kwa yeyote aliyeandika barua.

Haya, sikiza. Gitaa la kwanza
lina uzi mmoja uliolegea.
Waliusikia. Wakauacha.

"Huyu haimbi, Ami. Huyu anaongea na ndoo."

Najua ulikotoka.
Kwenu Kuze babu yako hupima beti kwa vidole,
nane kwa nane, na kina kikichechemea
hulirudisha shairi lako mlangoni, halivuki kizingiti.
"Guni," husema, kama atemaye kokwa ya ubuyu,
nawe huenda kulia jikoni, kisha ukaandika upya.

Basi hii ni guni ya makusudi.
Sauti imepungukiwa, naye amekuja nayo hivyo hivyo,
kama mgeni aliyefika na kiatu kimoja
na hataki kueleza kingine kiko wapi.

Kizungu chake sikukielewa miaka minne.
Kumbe anasimulia kijana aliyefutwa kazi ya kuuza viatu,
Jumapili, mji wao umefunga maduka yote.
Lakini mimi nilikuwa nimeshamwelewa zamani:
ni ile saa ya Ijumaa baada ya pilau,
nyumba nzima imelala chini ya feni,
nawe una miaka kumi na saba,
umevaa vizuri, na huna pa kwenda.

Tulikuwa na bendi, ulijua?
Mimi, Twaufiki wa Kibokoni,
na Mbwarali aliyepiga makopo ya samli.
Tulicheza mara moja tu, harusini kwa Twaufiki,
dakika sita. Akatoka bi harusi mwenyewe,
hina haijamkauka,
akachomoa waya ukutani.
Wamejaliwa watoto watano. Gitaa analo yeye,
analianikia vilemba.

Ngoja, ngoja, hapa. Usiseme kitu.
Gitaa la pili linaingia limechelewa,
linamkimbilia mwenzake kama mtu aliyesahau mwavuli,
halimfikii,
na ngoma haigeuki kulitazama.

Nakuona.
Vidole vyako viko gotini vinahesabu:
nane, nane, saba... umekwama.
Umeanza tena. Nane, saba, kumi na moja.
Babu yako asikuone.

Kanda imemezwa, hufanya hivi kila mara.
Chukua hiyo penseli, itie kwenye jicho la kushoto,
zungusha polepole, usiivute.
Eti nini? Turudi mwanzo?
Si ulisema anaongea na ndoo?

Alasiri i karibu, nitapunguza sauti.
Ukimaliza, igeuze wewe.
Upande wa pili kuna kitu kama mvua nyuma ya gitaa.
Miaka yote hii sijajua
kama ni mvua ya kwao, siku ile,
au ni kanda inaoza.
Wewe una masikio mapya. Niambie.