Pampu ya Baiskeli

Foleni ya Mahuta huanza kabla ya jua.
Magunia yamelala kama watu waliokesha msibani,
nami karani nimekaa na daftari, kalamu mbili,
na mzani ambao wakulima huutazama
kwa jicho la kumtazamia mkwe mgeni.

"Jina?"
Sikuinua macho. Siku nzima nauliza jina.
"Athumani Chilumba Nnunduma."

Nimeliandika jina hilo tangu darasa la kwanza,
nyuma ya langu, kwenye majalada ya madaftari,
kwenye fomu ya mtihani, kwenye cheti cha ndoa.
Kila Januari mwalimu aliuliza: baba yupo, hayupo?
Nikatia vema kwenye "yupo",
maana marehemu hakuwa,
na "hayupo" ilitaka maelezo.

Magunia mawili. Kilo mia na arobaini na mbili.
Nikachota kiganja, nikazipasua tano kwa kisu:
mbili zimesinyaa, moja ina doa.
Ningeweza kuandika daraja la kwanza.
Nikaandika la pili.
"Haya," akasema. "Ndivyo zilivyo.
Mvua ya juzi ilizikuta chini, mie nimelala."

Kisha akautazama mkono wangu.
Naandika kwa kushoto.
Mama aliufunga kitambaa wakati wa kula,
walimu wakautia fimbo,
haukuacha.
Naye kofia yake alikuwa ameishika kwa kushoto.

Nyuma yake mtu akafoka: "Mzee, songa, sote tuna njaa!"
Akasonga.
Stakabadhi akaisahau mezani,
au aliiacha. Sijui hadi leo.

Miaka kumi na tisa.
Alivuka Ruvuma kwenda kuchimba vito,
alisema miezi mitatu.
Aliondoka na baiskeli, pampu akaiacha
ikining'inia msumarini nyuma ya mlango.
Mama hakuitupa. Aliikodisha,
shilingi hamsini tairi moja,
na hamsini kwa hamsini nikapata sare, nikapata sabuni,
nikapata nauli ya Ndanda usiku ule wa homa.
Kwa hiyo nikisema hakutuachia kitu
nitakuwa nimedanganya kwa pampu moja.

Kesho yake akaja kufuata stakabadhi,
na kopo la rangi lililojaa ming'oko,
bado inafuka,
chumvi na pilipili kwenye kikaratasi.
Hakusema ni ya nani. Akalitua juu ya mzani,
mshale ukapanda, ukatetemeka kwenye kilo mbili,
tukautazama wote wawili
kana kwamba ni kazi.

"Mama yako?"
"Mwaka wa nne sasa. Tulimzika Chitoholi."
Akamenya mng'oko mmoja, asiule.
"Nilisikia. Nilikuwa Palma.
Nikaona aibu kuja mikono mitupu,
halafu nikaona aibu
kwamba niliona aibu."

Sikumsamehe. Naliandika hili kwa mkono uleule.
Lakini nilikula mitatu,
na wa nne nikaufunga kwa ajili ya mwanangu.

Baiskeli yake si ile. Ile aliiuza hukohuko.
Hii tairi ya nyuma imekaa chini kama bata,
na kwake ni mwendo wa saa mbili kwa miguu.
Saa ya chakula nikaenda nyumbani,
nikaishusha pampu.
Ngozi ya ndani ilikauka; nikaidondoshea mafuta ya nazi,
nikasubiri inywe.

Aliipokea kama mtu anayepewa mtoto wa mwenzie.
Akachuchumaa. Nami nikachuchumaa,
nikashika mdomo wa mpira pale kwenye valvu,
yeye akasukuma.
"Kaza."
Nikakaza.
"Inavuja."
"Najua inavuja. Imevuja siku zote."
"Kaza, Somoe."

Ghalani kule wakaanza kupiga kelele,
jua limesimama, mzani hauna mtu:
"Karani! Karani yuko wapi?"

"Yupo," akajibu,
bila kuinua kichwa,
na akaendelea kusukuma.